UDOGO USIO UNYONGE: Sifa na Utamaduni wa Wahobiti katika Riwaya za Tolkien

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kuketi mbele ya rundo la karatasi za mtihani, kalamu nyekundu mkononi, ukafunua ukurasa ukaukuta mtupu. Mtahiniwa hakuandika neno. Wengi wetu huweka sufuri tukaendelea. J.R.R. Tolkien, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyekuwa akisahihisha mitihani ya shule ili kuongeza kipato, alikutana na ukurasa kama huo, naye akaandika juu yake sentensi moja kuhusu kiumbe aitwaye hobiti aliyeishi shimoni. Kwa kauli yake mwenyewe, hakujua kwa nini aliiandika. Kutokana na sentensi hiyo zilizaliwa riwaya mbili: The Hobbit (1937) na The Lord of the Rings, iliyotolewa kwa mabuku matatu kati ya 1954 na 1955.

Huenda ukauliza: hadithi ya vijitu vya kubuni kutoka Uingereza inalihusu nini darasa la Kiswahili? Jawabu limo katika karatasi zile zile tunazosahihisha. Swali la sifa za wahusika aghalabu hujibiwa kwa orodha: mkarimu, mwenye bidii, mwenye tamaa, msaliti. Orodha si uhakiki. Mhakiki hana budi kuonyesha sifa hiyo inafanya kazi gani katika hadithi, inamfikisha wapi aliye nayo na inamgharimu nini. Wahobiti ni zoezi zuri la stadi hii kwa kuwa ni jamii iliyobuniwa. Ingawa Tolkien aliazima mengi kutoka mashamba ya Uingereza alikolelewa, ilimbidi kuchagua mwenyewe wale nini, wakae wapi, watawaliwe vipi na wapeane nini. Kila desturi yao imewekwa na mkono wa mwandishi, na mhakiki ana haki ya kuuliza imewekewa nini.

Fasihi yetu si ngeni katika uwanja huu. Shaaban Robert alibuni nchi ya Kusadikika (1951), naye Katama Mkangi akabuni jamii ya Walenisi (1995). Makala haya yanachunguza jamii ya Tolkien kwa jicho lile lile tunalozitazamia hizo. Hoja yangu ni moja: sifa iliyowaokoa wahobiti ndiyo hiyo hiyo iliyowaponza, na asiyeona pande zote mbili hajawasoma.

Muhtasari kwa asiyezisoma

The Hobbit inasimulia safari ya Bilbo Baggins, mhobiti mwenye umri wa miaka 50, aliyeshawishiwa na mzee Gandalf kutoka nyumbani kwake na kufuatana na Thorin na wenzake 12 kwenda kurejesha hazina iliyoporwa na joka. Njiani Bilbo aliokota pete. The Lord of the Rings inafichua kuwa pete hiyo ilifuliwa na Sauron, mtawala dhalimu, kwa nia ya kuzitawala jamii zote. Humpa nguvu aliye nayo, kisha humla moyo. Njia ya pekee ya kuiangamiza ni kuitupa katika moto wa mlima ule ule ilikofuliwa. Jukumu hilo linamwangukia Frodo, jamaa na mrithi wa Bilbo, naye anafuatana na Sam, mtunza bustani wake, pamoja na vijana wawili wa ukoo, Merry na Pippin.

Jina na ngeli

Tuanze na jina, maana jina ndilo mlango wa uhakiki. Katika riwaya hizi binadamu huwaita wahobiti kwa neno lenye maana ya watu nusu. Wahobiti wenyewe hawajioni kuwa nusu ya chochote. Jina hilo linatuambia zaidi kuhusu anayelitamka kuliko anayeitwa, kwani aliye mrefu amejifanya kuwa kipimo cha wengine wote.

Kiswahili kinatupa nyenzo ya kulichambua jambo hili. Ukisema "kijitu" umeshatoa hukumu, kwa sababu kiambishi ki- cha udunishi kimemwondoa mtu katika ngeli ya A-WA na kumtia miongoni mwa vitu. Katika aya ya pili ya makala haya niliandika "vijitu", na yamkini ulipita bila kushtuka. Rudi ukaitazame. Ndivyo dharau inavyoingia katika lugha: kwa kiambishi kimoja. Kuanzia hapa nitasema mhobiti na wahobiti, kama tusemavyo Mpokomo na Wapokomo.

Kuna kosa lingine la kuepuka. Wanafunzi wengine huwaita wahobiti "mbilikimo". Neno hilo limetumiwa kwa muda mrefu, mara nyingi kwa kebehi, kuwarejelea watu halisi kama Wambuti na Watwa wa Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda. Watu hao wana historia, lugha na haki zao, nao si wahusika wa fantasia. Mhakiki asiwachanganye.

Sifa za kimaumbile

Mhobiti ana kimo cha baina ya futi 2 na 4, yaani takriban sentimita 60 hadi 120. Hana ndevu kwa kawaida. Nywele zake ni za mawimbi, na miguuni pia ana nywele nzito. Nyayo zake ni ngumu kama ngozi iliyokaushwa, hivyo havai viatu. Tolkien anaeleza kuwa ushonaji viatu ni ufundi ambao karibu haukuwako miongoni mwao. Wahobiti hupenda mavazi ya rangi za kung'aa, hasa manjano na kijani. Huelekea kunenepa na hawana haraka, ila masikio na macho yao ni makali, na wanaweza kutoweka kimya kimya mtu mkubwa anapokaribia.

Usizinukuu sifa hizi kama tarakimu za kitambulisho. Kila moja ina kazi. Nyayo tupu zinamweka mhobiti katika mgusano na ardhi yake kila anapopiga hatua. Unene ni ithibati ya nchi yenye chakula na amani. Wepesi wa kutoweka ndio unaomfanya Bilbo ateuliwe kwa safari ya siri, na ndio unaowawezesha Frodo na Sam kupenya nchi ya adui iliyojaa majeshi. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Sauron, aliyepeleleza kila ngome na kila mfalme, hakudhani kuwa angechomwa na mwiba huu.

Hapa msomaji wa ngano zetu atamkumbuka Sungura, mdogo anayewashinda Fisi na Simba. Ulinganisho huo una manufaa ila una mpaka wake. Sungura hushinda kwa hila na mara nyingi kwa faida yake. Wahobiti wana hila kidogo tu. Bilbo alipokutana na Gollum pangoni, walishindana kwa vitendawili, na dau lilikuwa uhai wa Bilbo kwa upande mmoja na njia ya kutokea kwa upande wa pili. Sisi tunasema "nipe mji" na mchezo unaendelea, wao walichezea roho. Hata hivyo, swali la mwisho lililompa Bilbo ushindi halikuwa kitendawili hasa. Aliuliza alicho nacho mfukoni. Kilichokuwa kikubwa zaidi kilikuja baadaye: Bilbo, akiwa haonekani kwa nguvu ya pete na akiwa na upanga mkononi, aliweza kumuua Gollum lakini akamhurumia. Sungura hangefanya hivyo. Huruma hii ndiyo iliyoamua mwisho wa hadithi nzima, kama tutakavyoona.

Utamaduni: makao, chakula na utawala

Nchi yao inaitwa Shire. Makao yao ya asili ni mashimo yaliyochimbwa vilimani, yenye milango ya mviringo, vyumba vya starehe na ghala za chakula. Siku hizo za hadithi ni matajiri sana na maskini sana waliobaki kuishi mashimoni, wengine walikuwa wamejenga nyumba. Ni wakulima. Mashine ngumu kuliko kinu cha maji, mivuo ya mhunzi na kitanda cha mfumi hawaitaki. Hula milo sita kwa siku wanapoipata. Huvuta kiko, hupenda karamu, na hukariri nasaba za koo zao hadi matawi ya mbali. Mtu mzima kwao ni aliyetimiza miaka 33. Vitabu wanavyovipenda ni vile vinavyoeleza mambo wanayoyajua tayari.

Serikali yao ni ndogo mno. Koo huendesha mambo yao. Kuna meya anayechaguliwa kila baada ya miaka 7, na kazi yake kubwa ni kuongoza karamu. Kuna askari 12 kwa nchi nzima, watatu kwa kila mojawapo ya maeneo manne, na sare yao ni unyoya kofiani. Hushughulika na mifugo iliyopotea kuliko watu waliopotoka. Wahobiti hutii sheria kwa hiari, kwa kuwa wanaziona kuwa za kale na za haki. Frodo anasema hakuna mhobiti aliyewahi kumuua mwenziwe kwa makusudi katika nchi ya Shire.

Shika jambo hilo la utii wa hiari, msomaji. Tutalirudia.

Chakula nacho kisichukuliwe kuwa kichekesho tu. Sam alibeba sufuria zake na kijisanduku cha chumvi hadi kwenye mipaka ya nchi ya adui, akapika mchuzi wa sungura huko. Walipokuwa hatua za mwisho, nguvu zimewaishia, ilibidi azitupe sufuria hizo shimoni, na moyo ulimuuma. Mtahiniwa atakayeandika "Sam ni mpenda chakula" atakuwa amesema kweli pasi na kuhakiki. Sufuria zilikuwa tumaini la kurudi nyumbani. Kuzitupa ni kukubali kwamba huenda hakuna kurudi. Hiyo ni jazanda, nayo imejengwa kwa kitu cha jikoni.

Zawadi: moyo wa utamaduni wao

Desturi ambayo ningetaka mwanafunzi aikumbuke kuliko zote ni ya zawadi. Kwa wahobiti, mwenye siku ya kuzaliwa huwapa wengine zawadi. Kwa kawaida si zawadi za bei kubwa, na nyingine huzunguka kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa miaka. Wana hata neno maalumu la kitu ambacho mtu hana haja nacho lakini hataki kukitupa. Vitu hivyo vimejaa majumbani mwao mpaka vikajengewa nyumba ya makumbusho.

Tazama sasa Tolkien anavyoitumia desturi hii. The Lord of the Rings inaanza kwa sherehe: Bilbo anatimiza miaka 111, na siku hiyo hiyo Frodo anatimiza 33. Jumla ni 144, na walioalikwa katika karamu ya ndani ni 144. Bilbo amegawa zawadi kemkem, na baadaye anakiri kwa Gandalf kwamba alitumaini kutoa kwingi kungemrahisishia kuitoa pete pamoja na vingine. Ilimuwia vigumu, akagombana na Gandalf, nusura abadili nia. Hatimaye aliiacha na kuondoka. Mtu huyu aliweza kukiachilia kitu ambacho wakubwa waliogopa hata kukigusa, na alisaidiwa na mazoea ya maisha yake yote: siku yangu ya kuzaliwa ni siku ya kutoa.

Linganisha na Sméagol, ambaye baadaye aliitwa Gollum. Naye alitoka katika jamii iliyo jamaa ya wahobiti. Rafiki yake Déagol aliiokota pete mtoni. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Sméagol, naye akadai apewe pete hiyo kuwa zawadi. Déagol alisema ameshampa zawadi kuliko uwezo wake. Sméagol akamkaba koo akamuua, na tangu hapo akawa akiiita zawadi yake ya siku ya kuzaliwa. Kinaya hiki ni kikali. Desturi ni ile ile, siku ni ile ile, ila mkono uliotakiwa kutoa umegeuka mkono wa kunyakua. Mwandishi hakuhitaji kutuhutubia kuhusu tamaa. Alipindua desturi moja tu.

Mfano wa tatu ni Sam. Alipoibeba pete kwa muda mfupi, ilimwonyesha ndoto ya ukuu: yeye akiwa shujaa wa dunia, akiongoza majeshi, akiigeuza nchi ya jangwa kuwa bustani. Akili yake ya kihobiti ikamwambia kwamba bustani moja ndogo ya kulimwa na mikono yake inamtosha. Akamrudishia Frodo pete. Hapa ndipo udogo wa wahobiti unapopata maana yake kamili. Kimo chao kifupi ni ishara ya tamaa fupi. Pete haina mahali pa kushika katika moyo usiotaka kutawala.

Hata hivyo, Tolkien hatudanganyi kwamba tabia njema ni kinga kamili. Frodo, baada ya safari ndefu na mateso, anashindwa kwenye ukingo wa moto na kuidai pete iwe yake. Gollum, ambaye Bilbo, Frodo na hatimaye Sam walikuwa wamemwachia uhai kwa nyakati tofauti, ndiye anayekiuma kidole chake, anainyakua na kutumbukia nayo. Zawadi ya huruma ndiyo iliyomaliza kazi ambayo nguvu za shujaa hazikuiweza.

Makali ya pili: kuridhika kunapogeuka kutojali

Tukikomea hapo tutakuwa tumeandika sifa, si uhakiki. Kuridhika kwa wahobiti kuna upande wa pili. Hawajui wanayoyapata kwa hisani ya nani. Amani yao imelindwa kwa miaka mingi na watu wa Aragorn, wanaozurura porini kwenye mvua na baridi wakiwazuia maadui. Hakuna anayewashukuru. Huko Bree, kijiji jirani wanakoishi binadamu na wahobiti pamoja, Aragorn anaitwa kwa lakabu inayomdunisha, mzururaji wa hatua ndefu, ilhali ni mrithi wa kiti cha enzi. Frodo mwenyewe anakiri kuwa nyakati fulani aliwaona watu wake kuwa wazito wa akili kiasi cha kutamani tetemeko la ardhi liwazindue. Naye Gildor, mmoja wa wale wasiozeeka, anamwonya kwamba unaweza kujizungushia ua lakini huwezi kuuzuia ulimwengu nje ya ua huo milele.

Kutojali huko kunaambatana na dharau ndogo ndogo. Wenyeji wa Hobbiton wanawaona wa Buckland kuwa watu wa ajabu kwa sababu hutumia mashua. Tukivuka upande wa pili, tunamkuta mkulima akiwaona wa Hobbiton kuwa ndio wa ajabu. Ni kijembe cha kuchekesha, na msomaji hahitaji kwenda mbali na kijiji chake ili kukielewa.

Matokeo ya sifa hii yamo katika sura ya karibu na mwisho, ambapo Frodo na wenzake wanarudi na kuikuta Shire imetekwa. Tahadhari, mwalimu: mwanafunzi aliyetazama filamu tu hatalijua jambo hili, maana filamu ya 2003 imeiacha sehemu hii. Katika riwaya, Lotho, mmoja wa jamaa wa Frodo, alianza kununua vinu, mikahawa na mashamba kupita mahitaji yake. Akauza mazao nje mpaka chakula kikapungua. Wakaja majambazi na magari ya kukokotwa, wengine kuchukua mazao, wengine kubaki. Meya akatiwa kizuizini. Miti ikakatwa. Mikahawa ikafungwa. Sheria zikabandikwa ukutani, na askari waliokuwa 12 wakawa mamia, wengi wao wakiandikishwa shingo upande na baadhi wakifurahia kupekua ya wenzao.

Kwa nini wahobiti walikubali? Nilikuomba ushike jambo la utii wa hiari. Watu waliozoea kutii sheria kwa sababu ni za haki waliendelea kutii zilipokoma kuwa za haki. Kwa kuwa kila ukoo ulizoea kushughulika na mambo yake, kila mmoja alivumilia kivyake. Hakuna jeshi lililohitajika kuivunja Shire. Sifa zake njema zilitosha, mara mtu mmoja mwenye tamaa alipojua namna ya kuzitumia. Hilo ndilo funzo la kisiasa la riwaya hii, na ninaamini ndilo linaloifanya istahili kusomwa na vijana wa nchi yoyote yenye sheria ukutani.

Ukombozi nao unatoka ndani. Gandalf alikuwa amekataa kufuatana nao, akiwaambia kuwa mambo ya Shire watayamaliza wenyewe. Merry anapuliza baragumu, majirani wanatoka wakiwa na silaha walizo nazo, na kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika vita vya Bywater wanauawa majambazi karibu 70 na wahobiti 19. Frodo hauchomoi upanga. Kazi yake ni kuwazuia watu wake wasiwaue waliojisalimisha. Huruma ya pangoni imerudi nyumbani.

Mapungufu ya usawiri

Uhakiki wa haki hutaja pia kasoro. Kwanza, Shire ina matabaka, na mwandishi hayatilii shaka sana. Sam anamwita Frodo bwana wake hadi mwisho, ingawa hatimaye yeye mwenyewe anachaguliwa kuwa meya mara 7. Tolkien, aliyepigana vita vya Somme mwaka 1916, alieleza kuwa Sam ana sura ya askari wa kawaida aliowafahamu vitani na kuwaona kuwa bora kumliko yeye. Maelezo hayo yanafafanua heshima anayompa Sam, lakini hayafuti pengo la bwana na mtumishi. Pili, wanawake wa kihobiti ni wachache na husikika kwa nadra.

Tatu, Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akaondoka akiwa mtoto wa miaka mitatu, na katika riwaya yake watu wa kusini na mashariki wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde wako upande wa Sauron. Msomaji Mwafrika hawezi kulipita hili akiwa amefumba macho. Hata hivyo, ni mhobiti anayetoa swali ambalo kitabu kingine kingelinyamazia. Sam anaiona maiti ya askari wa kusini, na anajiuliza jina lake lilikuwa nani, alitoka wapi, na kama kweli alikuwa na moyo mbaya au alidanganywa na kutishwa akaacha kwao. Swali hilo halisahihishi usawiri mzima. Linaonyesha tu kuwa jicho la mdogo linaweza kumwona mtu pale ambapo wakubwa wanaona adui.

Namna ya kujibu swali la sifa

Sasa tuyaweke haya katika karatasi ya mtihani. Tumchukue Lobelia, mama yake Lotho. Jibu dhaifu litasema: "Lobelia ana tamaa. Ni mjeuri. Pia ni jasiri." Mtahini atajiuliza sifa hizi zinakutanaje.

Jibu lenye nguvu litafuata hatua tatu: taja sifa, toa tukio, onyesha tokeo. Kwa mfano: "Lobelia ana tamaa. Ameitamani nyumba ya Bilbo kwa miaka mingi, na Bilbo anapoondoka anamwachia vijiko vya fedha kwa kejeli, akidokeza kuwa vingine alishavichukua. Tamaa hii inarithiwa na mwanawe Lotho na kuwa chanzo cha kuanguka kwa Shire. Hata hivyo ni jasiri, kwani anawakabili majambazi akiwa na mwavuli tu, na anafungwa kwa ajili hiyo. Anapotoka gerezani anashangiliwa kwa mara ya kwanza maishani, kisha anamrudishia Frodo nyumba aliyoitamani na kuacha fedha zake ziwasaidie waliobomolewa makao. Kwa hivyo ni mhusika mviringo: aliyekuwa wa kuchukua amegeuka wa kutoa." Angalia jinsi sentensi ya mwisho inavyoifunga sifa ya mtu mmoja na desturi ya zawadi ya jamii nzima. Hapo ndipo alama zilipo.

Hitimisho

Wahobiti ni wadogo kwa kimo na kwa tamaa. Udogo huo uliwawezesha kuibeba pete ambayo wakubwa waliiogopa, na udogo huo huo uliwafanya wasiione hatari iliyoingia mlangoni mwao wenyewe. Frodo alirudi na jeraha lisilopona, na hatimaye aliiacha nchi aliyoiokoa ili wengine waifaidi. Sam alibaki, akapanda upya miti iliyokatwa kwa udongo na mbegu aliyopewa zawadi safarini. Hakuipanda bustani yake peke yake. Alitembea nchi nzima akiweka chembe moja ya udongo ule kwenye mzizi wa kila mche.

Maswali ya marudio

1. "Sifa njema ya jamii inaweza kuwa silaha ya mtesi wake." Jadili kauli hii kwa kurejelea utii wa wahobiti.
2. Linganisha desturi ya zawadi jinsi inavyotumika kwa Bilbo, Sméagol na Lobelia.
3. Eleza tofauti mbili kati ya ushindi wa Sungura katika ngano na ushindi wa wahobiti.
4. Chagua jamii ya kubuni kutoka riwaya yoyote ya Kiswahili uliyoisoma. Taja desturi moja ya jamii hiyo na uonyeshe jinsi mwandishi anavyoitumia kujenga maudhui.